Finyanga RNA polimerasi kwa udongo

Vitabu vingi huchora RNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, kama yai lililokaa juu ya DNA. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walilikariri hilo yai, lakini ukiwauliza RNA inatokea wapi, darasa zima kimya. Sasa tunaifinyanga. Tafuta nusu kilo ya udongo wa mfinyanzi usio na changarawe, na mizani inayosoma gramu.

Tunaiga ya bakteria E. koli, yenye vipande vya protini vinavyoitwa beta prima, beta, alfa na omega. Gramu 1 ni asidi amino 10, yaani matofali 10 ya protini. Beta prima ina asidi amino 1407, basi pima gramu 141. Beta ina 1342, gramu 134. Alfa ziko mbili, gramu 33 kila moja. Omega ina 91 tu: gramu 9. Usikadirie kwa jicho, maana umbo lote linategemea uwiano huu.

Beta na beta prima ndizo pande mbili za gando la kaa. Ndivyo kikundi cha Seth Darst kilivyoliona umbo hili mwaka 1999 kwa eksirei, katika bakteria Thermus aquaticus. Ziunge nyuma kwa alfa, omega uibandike kwenye beta prima. Acha mfereji unaopitisha kamba mbili za katani zilizosokotwa, nene kama kidole cha shahada. Hiyo ndiyo DNA.

Hapa nenda polepole. Chini kabisa ya mfereji, upande wa beta prima, kandamiza ushanga mmoja. Ni ioni ya magnesi, na hapo ndipo herufi za RNA huungwa moja moja. Sokotoa kamba ndani ya gando, uipinde karibu nyuzi 90. Udongo ukiwa bado mbichi, toboa kwa njiti tundu la RNA kutokea.

RNA ni waya mwembamba wenye alama kila milimita 3, kila alama herufi moja. Sasa bandika punje ya mahindi kwenye ukuta wa beta, milimita 9 kutoka kwenye ushanga. Hiyo ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Sukuma waya kutoka kwenye ushanga: alama ya tatu haivuki. Dawa haikugusa ushanga hata kidogo, imeziba njia tu.

Katika TB sugu kwa dawa hii, mara nyingi asidi amino ya nafasi ya 450 kwenye beta, serini, imegeuka nyingine, lusini, iliyo kubwa zaidi. Binti mmoja aliongeza kidonge cha udongo palepale punje ilipokaa. Punje ikadondoka mezani, naye akausukuma waya mpaka ukatokeza nje.