Namna ya Kuchagua Waya wa Kuchomelea Alumini ya Vyombo vya Baharini

Wengi wanaotafuta waya wa kuchomelea alumini ya vyombo vya baharini hukosea tangu mwanzo kwa kuuchunguza waya kabla ya bamba. Tafuta kwanza namba ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali uliotumika, iliyoandikwa juu ya bamba au kwenye cheti chake, kwa kuwa waya unaoifaa aloi moja unaweza kuiharibu nyingine, na macho hayawezi kuzitofautisha.

Mabamba ya mwili wa boti kwa kawaida ni ya aloi ya 5083 au 5086, zenye magnesiamu ya takriban asilimia 4, zisizoliwa upesi na maji ya chumvi. Kwa 5083 ningechagua waya wa ER5183, ambayo ina magnesiamu ya asilimia 4.3 hadi 5.2 pamoja na manganisi kidogo. ER5356, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi katika karakana, nayo huvumilia bahari vizuri, ila inapotumika kwenye 5083 mshono wake unaweza usifikie nguvu inayotakiwa. Kwa hiyo iachiwe 5086 na viunzi vya aloi ya 6061 au 6082.

Waya wa kuogopwa ni ER4043, na unaogopesha zaidi kwa sababu mafundi wanaupenda: una silikoni ya asilimia 5, huyeyuka na kutambaa vizuri, na mshono wake hupendeza macho. Ukiutumia kwenye 5083, silikoni hiyo huungana na magnesiamu ya bamba na kufanya kampaundi ngumu lakini nyepesi kuvunjika, kisha mawimbi yakaja kumaliza kazi. Waya wenye shaba, kama ER2319, usikaribie chombo cha baharini kabisa, kwa kuwa shaba huharakisha kuliwa kwa alumini.

Joto nalo lina neno lake. Aloi yenye magnesiamu inayozidi asilimia 3, ikikaa muda mrefu katika joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, huanza kutenga magnesiamu kwenye mipaka ya chembe zake, na hapo chumvi hupata njia ya kupenya na kupasua mshono unaovutwa na mzigo. Kwa sehemu kama hizo, mathalani karibu na bomba la moshi wa injini, tumia bamba la 5454 na waya wa ER5554, ambao magnesiamu yake haivuki kiwango hicho.

Katika ununuzi, hakikisha kifungashio kimetaja ISO 18273 au AWS A5.10, ambavyo ni viwango vya waya wa kuchomelea alumini, na ikiwa chombo kitasajiliwa na taasisi ya uainishaji, yaani inayokagua na kuthibitisha ubora wa vyombo, kama DNV au Lloyd's Register, dai cheti cha idhini kinachoutaja waya huohuo. Neno «marine» kwenye lebo si cheti.

Kataa bobini, yaani gurudumu la waya, iliyofunguliwa na kuachwa wazi. Unyevu ulioshikwa na oksidi ya juu ya waya hutoa haidrojeni ndani ya alumini iliyoyeyuka, na haidrojeni hiyo huacha vitundu mshono unapoganda. Kabla ya kugusa chombo, chomelea vipande viwili vya bamba hilohilo kwa gesi safi ya agoni, uvunje mshono, utazame ndani: ukiona vitundu vingi ilhali bamba lilisafishwa na gesi haina kasoro, rudisha bobini.