Desemba jangwani Quartzsite: jinsi ya kukaa siku 14 kwenye gari-nyumba bila kukwama

Quartzsite ni mji mdogo wa Arizona, pale barabara kuu ya I-10 inapokutana na US 95, kama kilomita 200 magharibi ya Phoenix. Wakazi wa kudumu ni elfu mbili na ushee. Baridi ikishaingia Minnesota na Kanada, tambarare za changarawe kuzunguka mji hujaa magari-nyumba ya watu wanaolikimbilia jua, wale ambao Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Wengi ni wastaafu wanaokaa msimu mzima. Mwongozo huu ni wa familia iliyokodi gari kwa likizo ya Krismasi na mwaka mpya.

Swali la kwanza wengi huuliza ni kama kuna joto. Lipo, mchana. Mwishoni mwa Desemba adhuhuri hufika nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Jua huzama saa 11:35 jioni na halichomozi tena hadi saa 1:40 asubuhi, na katika saa hizo 14 hali hushuka hadi nyuzi 5. Usiku mwingine hufika sifuri. Huku nje hakuna waya wa umeme wala bomba la maji. Unaishi kwa ulichobeba: maji safi, nafasi ya majitaka, betri na gesi. Likizo yako itakuwa na urefu wa kile kitakachokwama kwanza, na kwa familia ya watu wanne mara nyingi ni maji: safi yanakwisha na tenki la majitaka linajaa karibu kwa wakati mmoja.

Wapi pa kuegesha

Kuna njia mbili, na zote ziko kwenye ardhi ya serikali kuu inayosimamiwa na BLM, idara ya Marekani ya ardhi za umma. Ya kwanza ni maeneo ya bure kama Plomosa Road, Scaddan Wash, Dome Rock na Hi Jolly. Unaruhusiwa siku 14 ndani ya kila siku 28, na hakuna huduma. Ya pili ni La Posa, kusini tu mwa mji, eneo la wageni wa muda mrefu (LTVA) linalofunguliwa Septemba 15 hadi Aprili 15. Kwa miaka mingi kibali chake kimekuwa dola 180 kwa msimu au dola 40 kwa siku 14 mfululizo. Thibitisha bei ya mwaka huu kabla ya kuondoka, na beba taslimu.

Kwa safari ya kwanza chukua La Posa, usihangaike na cha bure. Kibali kinakupa maji ya kunywa, mahali pa kumwaga majitaka na pa kutupa taka, vyote upande wa La Posa South. Kwenye eneo la bure utavifuata vitu hivyo mjini na kuvilipia kimoja kimoja, na kila safari unakunja kambi nzima.

Slab City, ng'ambo ya California, husifiwa sana kwa sababu ni bure. Haina maji wala mahali pa kumwaga. Iache kwa wazoefu.

(Hi Jolly ni jina la mtu. Haji Ali aliletwa na jeshi la Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia waliokusudiwa kubeba mizigo jangwani, na Waamerika wakalitamka jina lake walivyoweza. Alifariki mwaka 1902; kaburi lake liko Quartzsite, piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba juu.)

Gari lenyewe

Watu wanne wanatoshwa na Class C ya futi 25, ile yenye kitanda juu ya dereva. Kabla ya kusaini soma mkataba mambo mawili: kama unaruhusiwa kwenye barabara za vumbi, na kama saa za jenereta zinalipiwa. Siku ya kukabidhiwa, pima usichoonyeshwa. Washa hita mpaka itoe hewa ya moto. Washa friji kwa gesi, si kwa umeme wa yadi. Bonyeza kitufe cha kengele ya monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto, ilie.

Ukifika, paki juu ya changarawe ngumu iliyoinuka. Zile njia pana za mchanga ni mikondo ya maji. Mvua ikinyesha milimani kilomita nyingi kutoka ulipo, hujaa kwa dakika chache huku juu yako anga ni jeupe. Vilevile mkia wa Class C ni mrefu nyuma ya magurudumu. Ukivuka mkondo kwa kasi unakwaruza chini, na mara nyingi kinachong'oka ni bomba la majitaka. Acha angalau futi 15 kati yako na jirani, na mita 50 kama nafasi ipo, kwa sababu hakuna aliyekuja jangwani kusikiliza jenereta yako.

Sawazisha gari kwa vibao vya plastiki chini ya matairi kabla ya kuwasha friji. Friji ya gesi haina kompresa: amonia hupanda kwa moto na kurudi kwa kuteremka yenyewe, kwa hiyo gari likiinama hujikusanya kwenye kona, friji haipoi, na ikiendelea hivyo inaharibika moja kwa moja. Weka bakuli la maji sakafuni. Maji yakikaa sawa, inatosha.

Maji, safi na machafu

Class C ya kawaida hubeba lita 150 za maji safi, lita 115 za maji ya sinki na bafu, na lita 115 za choo. Ukitumia kwa uangalifu, mtu mmoja anamaliza lita 15 kwa siku. Watu wanne ni lita 60, na kama 45 kati ya hizo zinaingia tenki la sinki na bafu. Hesabu inakupa siku mbili na nusu. Wawili peke yao wanafika siku tano.

Kuna njia tatu za kuirefusha. Ogeni kwa kopo: aliyekulia kwenye beseni na kopo anajua lita sita zinatosha mwili mzima, wakati bafu la gari linakula lita sita kabla maji hayajapata moto. Osheni vyombo kwenye beseni, halafu maji hayo yamwageni chooni. Yanahama kutoka tenki linalojaa haraka kwenda lile linalohitaji maji. Na nunueni madumu manne ya lita 20, ili maji yafuatwe kwa gari la jirani au la kukodi bila kung'oa kambi. Kumwaga maji chini, hata ya kunawia, ni marufuku.

Tenki la choo lina kosa moja linalowakamata wageni wote: kuacha koki yake wazi. Maji hutoka, kinyesi hubaki, na baada ya siku kadhaa kinasimama kama kichuguu chini ya shimo la choo. Koki ibaki imefungwa hadi tenki lifike theluthi mbili, ili maji yatoke kwa kishindo na kuondoka na kila kitu. Kumwaga kwenyewe hufanywa hivi:

1. Vaa glavu. Hakikisha koki zote mbili zimefungwa kabla ya kufungua kifuniko cha bomba.
2. Bana mpira kwenye bomba la gari, uzungushe mpaka meno yakamate, kisha uvute kidogo. Ukicheza, umebanwa kwa jino moja.
3. Ncha ya pili iingie shimoni, uikandamize kwa jiwe.
4. Fungua koki ya choo kwanza. Sikiliza: sauti huanza nzito, huwa nyepesi, halafu hukatika. Ifunge.
5. Sasa fungua ya sinki na bafu. Maji yake ya sabuni ndiyo yanayosafisha mpira.
6. Rudisha lita 8 hadi 10 za maji safi kwenye choo pamoja na dawa yake. Tenki kavu ndilo linaloanzisha kichuguu.

Mpira wa maji ya kunywa ni mweupe au wa buluu, na mpira huo usigusane na sehemu ya kumwagia majitaka. Pale kwenye kumwagia mara nyingi kuna bomba la kusuuzia. Usijaze maji ya kunywa kutoka hilo. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, maana Jumapili foleni ni ndefu.

Umeme na gesi vinaliwa na mdomo mmoja

Hita ya gari-nyumba huchoma gesi, lakini feni yake inazungushwa na betri. Hita ya BTU 30,000 (kipimo cha nguvu ya joto) hula kama kilo 0.63 za gesi kwa kila saa ya moto, na feni huvuta ampea 7 hadi 8. Ukiiacha kwenye nyuzi 20 usiku kucha itawaka kama saa nne: kilo mbili na nusu za gesi na ampea-saa 30 za betri. Friji na jiko vinaongeza kama kilo moja kwa siku. Tangi la kilo 18 linakwisha siku ya tano, na halibebeki. Unalipeleka gari zima mjini kujazwa.

Kwa hiyo usiku teremsha hita hadi nyuzi 10, laleni kwa blanketi nzito, na muipandishe nusu saa kabla ya kuamka. Gesi itakaribia siku tisa. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa na makaa mekundu yasiyo na moshi, wala plati za jiko la gesi zisitumike kupasha chumba. Gari hili ni dogo na limezibwa vizuri, na monoksidi ya kaboni haina harufu.

Betri za gari la kukodi kwa kawaida ni mbili za asidi, jumla ampea-saa 200 hivi, na nusu tu ndiyo ya kutumia. Zikipumzika, volti 12.7 ni kujaa na 12.2 ni nusu. Jenereta iwashe asubuhi kwa saa mbili, betri ikiwa chini, kwa sababu hapo ndipo inapomeza umeme kwa kasi. Asilimia 20 za mwisho huingia polepole na kuunguza mafuta bure. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kimya. Jenereta hunywa kwenye tangi la mafuta la gari na hukatika likibaki robo, makusudi, ili usikwame jangwani. Ikigoma kuwaka na mafuta yapo, huenda betri ya nyumba imekufa: washa injini ya gari, shikilia kitufe cha kuunganisha betri kwenye dashibodi, ujaribu tena.

Sola inasaidia, ila fundi aliyezoea Mwanza au Nairobi ajihadhari. Kule paneli hulazwa karibu bapa. Hapa, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri husimama nyuzi 33 tu juu ya upeo. Paneli za wati 400 zilizolala juu ya paa hutoa kama kilowati-saa moja kwa siku. Zikisimamishwa nyuzi 55 hadi 60 kuelekea kusini hutoa mara moja na nusu au zaidi. Paa la kukodi hutaligusa, kwa hiyo paneli ya kukunja unayoisimamisha chini ina thamani kuliko ya juu.

Mambo madogo yanayogharimu

Turubai la kivuli likunjwe kila mnapoondoka na kila usiku. Upepo wa hapa huamka ghafla, na turubai lililong'oka linakatwa kwenye dhamana yako.

Panya wa jangwani hujenga kwenye injini na kutafuna nyaya. Acha boneti wazi usiku; hawapendi kulala peupe.

Kaktasi aina ya cholla humng'ang'ania mtoto au mbwa kwa kipande kizima. Usishike kwa vidole: pitisha kitana kati ya kipande na ngozi, rusha mbali, kisha toa miiba iliyobaki kwa kibano.

Ununuzi mkubwa ufanyike kabla ya kufika, au Parker, kilomita 55 kaskazini. Blythe iko karibu zaidi, kilomita 35 magharibi, lakini ni California: saa inarudi nyuma moja, mafuta ni ghali, na kwenye kituo cha ukaguzi wa mazao machungwa yako yanaweza kuchukuliwa. Pima oveni kabla ya kununua bata mzinga; wa kilo saba haingii. Sufuria ya pilau ya kilo mbili inakaa vizuri kwenye plati kubwa, ila weka kigae au bati chini yake, moto wa gesi hapa unachoma katikati tu.

Majirani hukaa jioni kwenye viti kuzunguka moto. Usikatize kati ya gari la mtu na viti vyake. Hapo ni sebuleni kwake. Simama mbali, salimia, subiri uitwe, kama unavyopiga hodi. Kuni nunua na uje nazo, miti ya jangwani haiokotwi. Asubuhi ya kuondoka mwagia majivu beseni la maji safi, koroga kwa koleo, kisha weka kiganja karibu. Ukihisi joto, ongeza beseni la pili kabla hujawasha gari.