Duka Kwenye Simu: Somo kwa Waliokuwa Mnadani

Ndugu wanachama, Jumamosi iliyopita nusu ya viti vilikuwa vitupu kwa sababu wenzetu walikwenda mnadani Msalato. Siwalaumu, mnada haumsubiri mtu. Somo lote la kupokea malipo na kuuza kwa simu nimeliandika hapa, na maswali yaliyoulizwa nimeyaweka mwishoni. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nauza mafuta ya alizeti, karanga na unga pale Majengo, hapa Dodoma, na mengi ninayofundisha nimeyalipia ada kwa hela yangu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: daftari

Najua mmekuja kusikia habari za simu. Tulieni. Kwa wiki mbili, kabla hujapakua programu yoyote, andika kila ulichouza, kila aliyekopa, na kila shilingi uliyochomoa ya nauli ya mtoto. Gawa safu mbili: taslimu na simu. Jioni, kabla ya kufunga, angalia salio na ulilinganishe na safu ya simu. Mkishaizoea hesabu hii ya jioni, mambo mengine yote yatakuwa mepesi, na mtaona hapo chini ilivyoniumbua mimi.

Hatua ya pili: laini ya biashara peke yake

Nunua laini mpya na uisajili kwa kitambulisho chako cha NIDA na alama zako za vidole. Usikubali ya shemeji wala ya kijana wa dukani. Siku mkigombana, mwenye laini ndiye aliyesajiliwa. Ukishaipata piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenzetu mmoja alikuta mbili asizozijua. Nenda nazo kwenye duka la mtandao husika uzikane, kwa sababu tapeli akizitumia, jina litakalosomeka ni lako.

Weka namba ya siri ya pesa, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Kila mtu anaujua, na asiyeujua atausoma kwenye kadi yako ya kura.

Hatua ya tatu: Lipa Namba

Hapa nitakaa kidogo. Ukipokea malipo kwa laini yako ya kawaida, mauzo yanachanganyika na hela ya kikoba na ile aliyokutumia dada kutoka Singida. Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya wateja, inatenga mauzo. Mteja anaona jina la duka kabla hajathibitisha, na wewe unaweza kuomba taarifa ya miamala ya mwezi mzima. Wakala au duka la mtandao watakuandikisha. Waulize makato matatu na uyaandike: anayokatwa mteja, unayokatwa ukipokea, na unayokatwa ukitoa. Usiondoke hadi wayataje yote.

Sasa kisa changu. Kijana alikuja na bajaji, akataka dumu mbili za mafuta za lita 20. Akanionyesha ujumbe kwenye simu yake: jina langu, kiasi, hadi saa na dakika. Simu yangu ilikuwa ndani kwenye chaji na wateja walikuwa wamejaa. Nikamwambia asante baba, nikamsaidia na kupakia. Jioni daftari likasema dumu mbili zimetoka kwa malipo ya simu, salio likasema halijui habari hiyo. Ujumbe ule alikuwa ameuandika mwenyewe.

Tangu siku hiyo simu ya mteja siisomi kabisa. Nasubiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka. Nao naukagua: ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la huduma, kama M-PESA, hauji kutoka namba ya kawaida ya 07 au 06. Ukichelewa, naangalia salio. Mteja mwaminifu hakasiriki kusubiri dakika mbili, na anayefoka kwamba ana haraka, huyo ndiye namsubirisha zaidi.

Kuna na yule anayepiga simu: "Mama, nimekosea namba, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wanaorudisha muamala uliokosewa. Mara nyingi hela haikuingia kabisa, ni ujumbe wa kughushi. Mara nyingine imeingia kweli, naye ameshaomba mtandao uirudishe, kwa hiyo ukituma na wewe umelipa mara mbili.

Namba ya tapeli usiifute tu kwa hasira. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo uitume namba yenyewe.

Hatua ya nne: WhatsApp ya biashara

Ni programu tofauti na ile ya kawaida, ina alama ya herufi B, na haina malipo. Isajili kwa ile laini ya biashara. Weka jina la duka, mahali ulipo kwa maelezo ya Kidodoma ("nyuma ya soko, mkabala na mashine ya kusaga"), na saa za kufungua. Kisha piga picha za bidhaa uziweke kwenye orodha yake pamoja na bei. Piga picha asubuhi, nje, jua halijawa kali. Saa sita jua letu linafanya hata karanga nzuri zionekane zimeungua. Na bei iandike. Huu mtindo wa "njoo inbox" unawachosha watu, wanahamia kwa jirani.

Kabla hujamtumia mtu yeyote namba hiyo, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita. Na ile namba nyingine ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe wa kawaida usimpe mtu, hata akisema yeye ni mwenyekiti wa kikundi chetu. Anayeiomba anataka kuifungua akaunti yako kwenye simu yake, kisha awaandikie wateja wako wote kwamba una mgonjwa hospitalini.

Hatua ya tano: kijana wa dukani

Fupi tu. Ashike simu ya duka, asijue namba ya siri. Aone malipo yanaingia, asiweze kutoa. Na kila Jumamosi piga picha kurasa za daftari za wiki hiyo uzitume kwenye simu yako nyingine. Mvua za Januari zimeshaloanisha madaftari ya watu hapa.

Maswali ya wanachama

*Mama mmoja anayepika karibu na stendi kuu: "Mwalimu, nikitumia Lipa Namba si TRA wataniona?"*

Mama, kodi ya mfanyabiashara mdogo asiyetengeneza hesabu rasmi inakadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Ukienda kukadiriwa na daftari na taarifa ya miamala, una la kuonyesha. Ukienda mikono mitupu utakadiriwa kwa macho, na wewe wateja wako wanapanga foleni hadi barabarani. Kinachoumiza ni kuchanganya. Hela ya mchezo ya akina mama kumi ikipita kwenye laini ya mauzo itaonekana kama umeuza wali wa milioni.

*Kaka mwenye shamba la zabibu Hombolo: "Kuna mtu wa Dar ameagiza kreti 30. Anasema ametuma hela ila imekwama, nitume elfu hamsini ya kuifungulia."*

Kaka, hakuna hela inayofunguliwa kwa hela. Hakuna. Mfungie namba. Naelewa kwa nini inakushawishi: zabibu zikiiva hazingoji, na msimu wenyewe ni mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila anayepiga simu anaonekana ni mnunuzi. Mnunuzi wa kweli mwombe malipo ya awali kwenye Lipa Namba yako, uyaone kwenye salio, ndipo ukate zabibu.

*Kijana wa vipuri vya pikipiki, Nkuhungu: "Vipi mikopo ya kwenye simu? Inatoka ndani ya dakika tano."*

Inatoka haraka kweli. Angalia inavyorudi. Programu nyingi za aina hiyo zikiwekwa kwenye simu zinaomba ruhusa ya kusoma majina uliyohifadhi. Ukichelewa siku mbili, mama mkwe na mchungaji wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla hujakopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Kwa mtaji wa vipuri ningekushauri uanze na mkopo wa kikundi hiki, riba yake unaijua na tukikudai tunakudai ana kwa ana.

*Mzee wa mahindi kutoka Kibaigwa: "Mimi simu yangu ni kitochi. Nimekaa hapa bure?"*

Hapana, baba. Daftari, laini, Lipa Namba na hesabu ya jioni, vyote vinakwenda na kitochi kwa kubonyeza nyota na namba, bila intaneti. Utakosa WhatsApp tu. Na chaji yako inakaa siku nne, sisi wengine tunazunguka kutafuta umeme.

*Dada wa vitenge: "Simu ikiibwa naanzia wapi?"*

Kwenye laini. Azima simu ya mtu hapo hapo, upige 100 wakuzuilie laini na akaunti ya pesa. Polisi kuchukua taarifa ya upotevu ni baadaye. Kisha nenda na kitambulisho urudishiwe laini kwa namba ile ile. Ukiisajili upya WhatsApp kwenye simu nyingine, ile ya mwizi inajifunga yenyewe.

Huyu dada aliuliza pia kama awaweke wateja wake wote kwenye kundi moja. Usifanye hivyo, kila mmoja ataona namba za wenzake. Tumia orodha ya matangazo, ujumbe unamfikia kila mtu peke yake, ilimradi awe amehifadhi namba yako. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya mteja ni taarifa yake.

*Bibi muuza karanga aliuliza la mwisho, kwa sauti ya chini: "Namba yangu ya siri anaijua mjukuu, mimi maandishi yananishinda. Nifanyeje?"*

Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilibaki naye baada ya kikao. Tukatafuta kwenye menyu sehemu ya kubadili namba ya siri, nikamsomea kila mstari, yeye akabonyeza. Ilipofika pa kuandika namba mpya nikampa mgongo, nikatazama ukutani. Alichukua muda mrefu. Mara akasema, "Tayari, imekubali," akaifunga simu kwenye pindo la kanga.

"Na mjukuu akiuliza?" nikamwambia.

"Nitamwambia aje na daftari."