Sungura aliyekonda: namna ya kumrudishia mwili bila kumharibu tumbo

Usimpime sungura kwa macho. Manyoya huficha mifupa, na tumbo lililojaa gesi humfanya aonekane mnene ilhali mgongo umekwisha. Mweke juu ya gunia au taulo asiteleze, mshike kifuani kwa mkono mmoja, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya uti wa mgongo kuanzia mabegani hadi nyonga. Kwa sungura mwenye mwili mzuri, vifundo vya mgongo ni vya mviringo na vimefunikwa na nyama. Aliyekonda, vifundo hukwaruza vidole kama meno ya msumeno, mbavu unazihesabu bila kubonyeza, na mifupa ya nyonga imechomoza.

Baada ya hapo mpime. Mizani ya jikoni inayobeba kilo 5 inatosha: weka beseni juu yake, irudishe kwenye sifuri, mwingize sungura, andika gramu. Pima mara mbili kwa wiki, asubuhi kabla hajala. Usimlinganishe na wa jirani. Sungura wa aina ya New Zealand White akikomaa hufika kilo 4 hadi 5, lakini chotara wa kienyeji anaweza kuwa na afya kamili akiwa na kilo 2. Linganisha namba zake na namba zake mwenyewe.

Kwa nini amekonda?

Kumwongezea chakula kabla ya kujua sababu ni kupoteza muda, na wakati mwingine ni kumuua. Anza na meno. Meno ya mbele hukua karibu milimita 2 hadi 3 kila wiki maisha yote, na yasipokutana sawasawa hujipinda. Ya nyuma huyaoni bila daktari, ila dalili zake unaziona: kidevu kimelowa mate, anaikimbilia karoti kisha anaiacha, anachagua majani laini na kukwepa nyasi. Sungura huyo ana njaa, ila kutafuna kunamuuma.

Mdogo wa umri wa wiki 4 hadi 12 mwenye tumbo kubwa na mgongo wa msumeno, mshuku koksidia, vimelea vidogo vya utumbo na ini. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo. Tazama pia ndani ya masikio: magamba mazito ya kahawia ni utitiri, na sungura anayejikuna usiku kucha hanenepi. Dawa zote zipimwe kwa uzito wake. Amoksilini ya kunywa huua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura na inaweza kumuua naye, na dawa za viroboto zenye fipronili ni sumu kwake.

Wakati mwingine sababu ni banda tu. Wawili wakila chombo kimoja, mmoja hufukuzwa. Watenganishe siku tatu upime kila mmoja anakula nini. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, kama Dar es Salaam au Mombasa miezi ya kiangazi, sungura hula kidogo mno mchana. Mpe chakula jioni na alfajiri. Bonyeza chuchu ya chupa ya maji kila siku uone kama inatoa, kwani asiyekunywa hali.

Nyasi kwanza, punje baadaye

Kosa kubwa ni kumjaza pumba, mahindi, mkate na ndizi ili anenepe haraka. Mwisho wa utumbo mwembamba, sungura ana mfuko mkubwa ambamo bakteria huchachusha nyuzi za majani. Wanga mwingi ukifika pale bila kumeng'enywa, bakteria wabaya huzaliana na kutoa sumu, kuhara huanza, na sungura mdogo anaweza kufa ndani ya siku moja. Pumba yenye ukungu ina hatari nyingine, sumukuvu.

Kwa hiyo mpe nyasi kavu muda wote, rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake kwa siku. Nyasi aina ya Rhodes iliyokauka ikiwa bado na rangi ya kijani na harufu tamu ni nzuri sana. Robota lenye vumbi au madoa meupe usilinunue, hata likiwa bei poa. Kwa mkubwa aliyekonda, changanya sehemu 2 za nyasi na sehemu 1 ya lusani (alfalfa) kavu, ambayo ina protini nyingi zaidi. Usimwachie lusani daima: kalsiamu yake hutolewa kupitia mkojo, na ikizidi huganda kibofuni.

Peleti za sungura, yaani chakula cha kiwandani cha vipande vidogo vilivyobanwa, kwa mkubwa ni kama gramu 25 kwa kila kilo ya uzito. Wa kilo 2 anayekula gramu 50, ongeza gramu 5 kila siku ya tatu hadi 75 au 80, ukigawa asubuhi na jioni. Kama hajazoea kabisa, anza na gramu 10. Usimpe chakula cha kuku badala yake: vyakula vingi vya kuku wa nyama hutiwa dawa za koksidia, na baadhi, kama narasini, ni sumu kwa sungura.

Ukitaka kuongeza nguvu kidogo, kijiko kimoja cha chai cha oti kavu za uji kwa siku kinatosha. Majani mabichi yaingie moja moja, jipya moja kila baada ya siku 3: matembele, kishona nguo, majani ya karoti. Majani ya muhogo, ya nyanya na ya mparachichi yakae mbali na banda.

Kila asubuhi soma kinyesi. Kizuri ni cha duara, ukubwa wa njegere, na ukikivunja unaona vipande vya nyasi. Kikiwa kidogo na kigumu, nyasi au maji hayatoshi. Kuna pia kile laini, cheusi, kama kishada cha zabibu, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini kwa ajili ya protini na vitamini. Usimzuie. Ukikikuta kimegandamana kwenye manyoya ya nyuma, rudisha peleti kwenye kiwango cha awali kwa siku 5.

Akigoma kula

Saa 12 bila kula wala kunya ni dharura. Mpeleke kwa daktari. Tumbo likiwa gumu kama mpira na masikio ya baridi, usimlishe chochote njiani. Daktari akikuruhusu kumlisha nyumbani, saga peleti, loweka kwa maji ya uvuguvugu ziwe uji, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Apewe mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku, kupitia pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, mililita moja moja, ukisubiri atafune na kumeza. Awe amekaa kwa miguu yake. Ukimlaza chali, uji huingia mapafuni.

Kwa sungura wa kilo 2, kuongezeka gramu 20 hadi 40 kwa wiki ni mwendo mzuri. Akipungua vipimo viwili mfululizo huku anakula vizuri, tatizo haliko kwenye chombo cha chakula, rudi kwa daktari akague meno ya nyuma na kinyesi. Vifundo vya mgongo vikishaanza kuwa vya mviringo, mwondolee lusani kidogo kidogo kwa wiki mbili, kisha shusha peleti kwa hatua zilezile ulizopandishia.