Kompyuta Uliyoifunga Mwenyewe Haiwaki? Anzia Ukutani, Usianzie Kariakoo

Mtu akiniletea hapa Mwanga kompyuta aliyoifunga mwenyewe kipande kwa kipande, salamu haijaisha ameshatoa hukumu: "Fundi, pawasaplai imekufa," yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Mara nyingi haijafa. Kifaa kipya huweza kufa, sikatai, lakini mashine ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja kwa kawaida ina kitu hakijachomekwa, kimechomekwa pasipo pake, au kinagusa chuma. Na sisi wa Kigoma hatuna nafasi ya kubahatisha. Kifaa cha kubadilisha kinatoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na muuzaji hakubali kukipokea tena kwa maneno matupu. Thibitisha kwanza, ndipo uagize.

Kwanza jua una tatizo gani. Kuna mashine bubu: unabonyeza, feni hazigeuki, taa hakuna. Na kuna ile inayonguruma vizuri ila kioo cheusi. Hayo ni magonjwa mawili. Tuanze na bubu.

Chomeka chaja ya simu au pasi kwenye soketi ile ile. Usicheke, nimeshaona LUKU imeisha na mwenye mashine yuko na bisibisi mkononi anafungua kesi. Kisha achana na ekstensheni na stebilaiza, chomeka ukutani moja kwa moja. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, kwa hiyo jaribu waya mwingine. Nyuma ya pawasaplai kuna swichi yenye alama za I na O. Ibonyeze upande wa I. Kama ni pawasaplai ya zamani yenye kiswichi cha 115 na 230, hakikisha kinasoma 230 kabla hujachomeka chochote. Kikiwa 115 kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu, na hapo kweli itakuwa imekufa.

Sasa ingia ndani. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, halafu gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote. Angalia plagi kubwa ya pini 24. Kwenye madabodi mpya huwa ngumu, na watu wengi huishia nusu kwa kuogopa kuvunja. Shikilia ubao kwa chini, sukuma mpaka kile kindoano cha plagi kinase. Nyingine ni plagi ya prosesa, pini 8, kwenye kona ya juu. Hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Mbaya zaidi, mtu huchukua plagi ya kadi ya picha, ambayo nayo ina pini 8, akalazimisha iingie pale. Soma maandishi yaliyo kwenye plagi yenyewe: ya prosesa imeandikwa CPU, ya kadi imeandikwa PCI-E. Ukiona unatumia nguvu nyingi, hapo si pake.

Fuata nyaya nyembamba za kitufe cha mbele. Herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo washa tochi ya simu na ufungue kitabu cha madabodi kwenye mchoro. Waya wa kitufe hauna chanya wala hasi. Wa taa unazo. Kipimo kizuri ni kuchomoa nyaya zote hizo, kurudisha umeme, kisha kugusisha zile pini mbili za kitufe, zilizoandikwa PWR_SW, kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, uachie. Umeme wa pale ni mdogo, haukudhuru, ila usiguse pini nyingine. Ikiwaka, ugonjwa uko kwenye kitufe cha kesi.

Kijana mmoja wa Ujiji aliniletea yake ikiwa na dalili nyingine: feni zinashtuka nusu mzunguko, kisha kimya. Pawasaplai ikifanya hivyo, shuku shoti. Tulipong'oa madabodi tukaikuta nati ya shaba ya kuinulia ubao imesimama mahali ambapo ubao hauna tundu. Kesi ilipangwa kwa ubao mkubwa, wake ulikuwa mdogo, na mgongoni mwa ubao palikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa. Tukaitoa nati, mashine ikaamka. Pawasaplai ya pili alikuwa ameshailipia.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kumlaumu yeyote, toa madabodi nje uilaze juu ya boksi lake la karatasi. Mfuko wake wa kung'aa usiutandike, unaweza kupitisha umeme. Acha prosesa na feni yake, RAM moja na pawasaplai tu. Penye nafasi nne za RAM, kwa kawaida anza na ya pili kutoka kwa prosesa. Gusisha zile pini. Ikiwaka, rudisha vifaa kimoja kimoja.

Ikibaki bubu, pima pawasaplai peke yake. Zima, chomoa umeme, toa plagi zake zote kwenye vifaa, acha feni moja ya kesi tu. Kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Kama nyaya zote ni nyeusi, fuata mchoro wa pawasaplai hiyo, usikisie. Feni ya pawasaplai yenyewe si ushahidi, nyingine hazigeuki bila mzigo. Ukiwa na multimita (kipima umeme), manjano na nyeusi zisome kati ya volti 11.4 na 12.6. Na usiifungue pawasaplai: ndani inatunza umeme hata ikiwa imechomolewa.

Ile inayonguruma bila picha: kama una kadi ya picha, waya wa monita uingie kwenye kadi ya picha, usiingie kwenye madabodi. Toa RAM uirudishe mpaka ilie. Tazama vitaa vidogo vya CPU (prosesa), DRAM (RAM) na VGA (picha) kama ubao unavyo, kitakachobaki kinawaka ndicho kinacholalamika. Prosesa mpya kuliko BIOS ya ubao, ile programu inayoamsha mashine, nayo huleta weusi huo.

Ikiwa pawasaplai imepita kipimo na ubao juu ya boksi bado kimya, sasa rudisha madabodi kwa muuzaji. Piga video ya jaribio zima, piga na picha ya soketi ya prosesa pini zikionekana ziko sawa, na urudishe kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi kabla ya kufunga mzigo.