Kabla ya Kununua Barua Yenye Saini ya Carl Peters

Ndugu zangu wa Dar es Salaam mnaokusanya nyaraka za kale zenye saini, hasa za watu waliotenda maovu kama Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, naomba mwikague karatasi kwanza, kisha saini. Tafuteni tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, kama ile inayotumiwa na wafanyabiashara kukagua noti, na mwimulike karatasi gizani. Iking'aa kwa weupe wenye rangi ya samawati, ina kemikali ya kung'arisha ambayo viwanda vya karatasi vilianza kuitumia miongo kadhaa baada ya Peters kufariki mwaka 1918. Kemikali ya aina hiyo ilisaidia kufichua, mwaka 1983, kwamba shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler zilighushiwa na Konrad Kujau. Hata hivyo, karatasi isiyong'aa haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa waghushi hodari huchana kurasa tupu za vitabu vya zamani na kuandika juu yake.

Mkiona muhuri au namba ya jalada la serikali, tafadhali msinunue, bali toeni taarifa kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, inayohifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani. Kumbukumbu hizo, pamoja na uchungu wake wote, ni mali yetu sote. Na msiifanyie laminesheni karatasi ya kale kwa kuhofia unyevu wa Pwani, kwa sababu haitatoka tena salama.