Kompyuta inaganda baada ya kubadili prosesa: jinsi ya kutafuta chanzo kwenye Dell OptiPlex 7010

OptiPlex 7010 ilitoka 2012, na mpaka leo imejaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika. Ukiipata yenye Core i3-2120, kishawishi ni kikubwa: soketi (sehemu prosesa inapokaa kwenye mazabodi) ni LGA1155, Core i7-3770 inakaa palepale, na kutoka viini viwili unapata vinne. Unaifunga, inawaka, Windows inafunguka vizuri. Kisha, baada ya dakika au saa kadhaa, skrini inasimama tuli.

Wengi hapo hukimbilia kununua feni mpya. Mara nyingi ni pesa ya bure, kwa sababu joto lina tabia yake: prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi kwanza, na moto ukizidi mashine huzima ghafla. Kuganda bila skrini ya bluu mara nyingi hutokana na RAM, mguso mbaya kwenye soketi au umeme usiotulia. Soma dalili kabla ya kushika bisibisi.

Hatua ya 1: Angalia inagandaje

Skrini ikisimama, usizime. Bonyeza Caps Lock mara kadhaa ukitazama taa yake kwenye kibodi. Taa ikiitikia, mfumo bado uko hai na kilichokwama huenda ni diski au draiva. Tazama pia taa ya diski mbele ya kasha. Ikibaki inawaka mfululizo bila kupepesa, kaza kebo ya SATA pande zote mbili (hulegea kirahisi mikono inapopita kwenda kwenye prosesa) na upime afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Caps Lock isipoitikia kabisa, au sauti ikirudia kipande kilekile bila kukoma, tatizo huenda liko kwenye vifaa, na hatua zinazofuata ndizo zako.

Ukishawasha upya, fungua `eventvwr` (andika jina hilo kwenye menyu ya Start), nenda Windows Logs, kisha System. Kernel-Power 41 isikutishe wala isikufurahishe: inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Cha kutafuta ni WHEA-Logger, yaani kumbukumbu za Windows za hitilafu za vifaa. Namba 18 ni hitilafu kubwa ya kifaa ambayo prosesa yenyewe imeiripoti. Namba 19 ni hitilafu iliyosahihishwa, na zikiwa nyingi kabla ya kila kuganda, ni onyo la kweli. Kama ikitokea skrini ya bluu, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT zote zinaelekeza kwenye prosesa, umeme wake au mguso wake.

Andika pia inaganda wakati gani: ukiwa ndani ya BIOS (programu ya mazabodi inayotangulia Windows), ikiwa imetulia bila kazi, au ikibebeshwa mzigo. Jibu hilo litakuambia hatua ipi uipe uzito: ikiganda kwa mzigo, Hatua ya 6; ikiwa imetulia, mwisho wa Hatua ya 7.

Hatua ya 2: Thibitisha prosesa inaruhusiwa

i7-3770 inakula wati 77, i7-2600 wati 95. Kasha la mnara na lile jembamba la SFF zinazimudu. Lile dogo kabisa, USFF, kikomo chake ni wati 65. Humo weka i7-3770S au i5-3470S. Usichanganye 7010 na OptiPlex 790 au 990: soketi ni hiyohiyo, ila hizo zilitengenezwa kwa ajili ya prosesa za Core za kizazi cha pili (kama i7-2600), si cha tatu kama i7-3770.

Andika `msinfo32` kwenye menyu ya Start uone toleo la BIOS. Kama ni la zamani, rudisha prosesa ya awali kwanza, ndipo uweke BIOS mpya kutoka tovuti ya Dell. Usiandike BIOS kwenye mashine inayoganda. Ikisimama katikati, mazabodi inaweza isiwake tena. Umeme ukikatika matokeo ni yaleyale, kwa hiyo tumia UPS.

Hatua ya 3: Futa mipangilio ya zamani

Kabla ya kufuta, ingia BIOS kwa F2 na uandike SATA Operation (namna diski inavyoendeshwa) iko kwenye nini: AHCI au RAID On. Ukirudisha mipangilio ya kiwandani inaweza kugeuka, na Windows itagoma kuwaka ikionyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Watu wengi huilaumu prosesa kwa kosa hilo.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano, kisha irudishe. Betri ikisoma chini ya volti 2.7 weka mpya. Washa, pakia mipangilio ya kiwandani, rudisha SATA ilivyokuwa.

Hatua ya 4: RAM, mshukiwa wa kwanza

Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa. Ukibadili prosesa, umebadili pia namna RAM inavyoendeshwa. Kidhibiti cha i3-2120 mwisho wake ni 1333 MHz. Cha i7-3770 kinafika 1600. Stiki zilizoandikwa 1600 ambazo miaka yote zilitembea polepole kwa 1333 sasa zinaambiwa zikimbie, na ile iliyochoka inaanza kukosea. Mwenye mashine anaapa kuwa RAM ni nzima kwa sababu haijawahi kusumbua, na anasema kweli: haikuwahi kupimwa kwa kasi hiyo.

Hakikisha kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory. DRAM Frequency huonyesha nusu ya kasi: 800 maana yake 1600, na 667 hivi maana yake 1333.

Sasa toa stiki zote, bakiza moja kwenye DIMM1. Andaa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM, washa kwa F12, chagua flashi na uiache imalize mizunguko minne. Kwa stiki ya GB 4 au 8 tenga saa kadhaa. Usikatishe kwa sababu mzunguko wa kwanza umepita salama. Kosa moja tu linatosha kuikataa stiki. Rudia kwa kila stiki, kisha pima zote zikiwa pamoja, maana kuna zinazofaulu moja moja na kushindwa zikichanganywa.

BIOS ya 7010 haina mahali pa kuchagua kasi ya RAM. Ukitaka kuthibitisha kwamba kasi ndiyo chanzo, azima stiki nzima ya 1333 na uichomeke pamoja na nyingine: zote zitashuka kwenye 1333. Kuganda kukikoma hapo, umepata jibu.

Hatua ya 5: Soketi na mkazo wa kipoza joto

Kama kompyuta inaona nusu tu ya RAM, au nafasi mbili za RAM hazisomi kabisa, fungua soketi. LGA1155 ina vipini 1155 vyembamba mno, na kimoja kilichopinda kinaweza kukata njia nzima ya RAM.

Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, toa kipoza joto, inua wenzo, ondoa prosesa kwa kushika kingo zake. Elekeza tochi ya simu kwa mshazari, usitazame kutoka juu moja kwa moja. Vipini vizima vinamulika kwa safu zilizonyooka. Kilichopinda kinavunja safu, ama kinameta peke yake, ama kinaacha doa jeusi. Zungusha kasha utazame kutoka pande zote nne. Kipini kinanyooshwa kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ikiwa tupu bila risasi, kwa kusukuma kidogo kidogo kuelekea walivyo wenzake. Kikikatika hakuna cha kufanya zaidi, hivyo kama mkono unatetemeka mpelekee fundi.

Kagua pia pedi za chini ya prosesa. Pasta (ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto) iliyotapakaa huko isafishe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Wakati wa kurudisha, weka pasta mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kisha kaza skrubu nne kwa msalaba: mizunguko miwili hapa, miwili kona ya pili mkabala, hadi zote zigote. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, prosesa inakandamizwa kwa mshazari na baadhi ya vipini havigusi sawasawa.

Hatua ya 6: Joto na mzigo

Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, kisha endesha Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo. Anza na Small FFTs kwa dakika 30: hiyo inaichemsha prosesa bila kuisumbua RAM sana. Nyuzi 75 hadi 85 chini ya mzigo kwenye chumba chenye joto la Mombasa au Dar es Salaam zinavumilika. Ikipita 95, rudia pasta na safisha vumbi. Kisha endesha Blend, inayoibebesha RAM. Small FFTs ikipita na Blend ikagandisha, rudi hatua ya 4. Small FFTs ikigandisha huku joto likiwa la kawaida, nenda kwenye umeme.

Hatua ya 7: Umeme

Pawasaplai ya SFF ni wati 240, na zilizofanya kazi zaidi ya miaka kumi hazina tena nguvu ya ujana. Pima kwa multimita kwenye plagi ya waya nne inayolisha prosesa, kati ya njano na nyeusi, Prime95 ikiwa inaendelea. Inatakiwa isome kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikianza 12.1 na kushuka chini ya 11.4 mzigo ukipanda, badili pawasaplai. Tazama pia kapasita za mazabodi karibu na soketi: kichwa kilichovimba kinatosha kuwa ushahidi.

Mashine inayoganda ikiwa imetulia tu ina njia yake. Ingia BIOS, sehemu ya Performance, zima C States Control, utumie siku nzima. Kuganda kukikoma, prosesa ilikuwa inashindwa kulala na kuamka kwa umeme unaopatikana. Unaweza kuiacha hivyo, ingawa itakula umeme zaidi kidogo, au jaribu pawasaplai nyingine.

Hatua ya 8: Rudisha prosesa ya zamani

Weka i3 tena, na RAM ileile, umeme uleule, Windows ileile, uendeshe Blend. Ikiganda, i7 haina hatia. Isipoganda, bado usihukumu: kumbuka RAM imerudi 1333. Rudisha i7 na stiki uliyoipima kuwa nzima. Ikiganda tena, weka Multi Core Support kwenye kiini kimoja. Kama kwa kiini kimoja inatulia na kwa vyote inaganda, na soketi pamoja na umeme ulishavipima, prosesa ndiyo mbovu.

Kabla ya kuirudisha dukani, fungua CPU-Z usome mstari wa Specification. Ukikuta herufi ES, umeuziwa sampuli ya majaribio ya kiwandani, ambayo haikukusudiwa kuuzwa. Piga picha ya mstari huo, ya kumbukumbu za WHEA 18, na ya juu ya prosesa yenyewe maandishi yakisomeka, uende nazo pamoja na risiti.